Mzee wa Kwanza, Samaki wa Mwisho

Hoteli yenyewe iko Kisumu, karibu na ziwa. Jina silitaji kwa sababu bado napenda kula huko. Mwenyewe aliniomba programu ya oda: wahudumu waandike kwenye simu, na skrini ya jikoni imwonyeshe mpishi oda moja tu, ile inayofuata. Hadi siku hiyo mpishi alikuwa akining'iniza vikaratasi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, akichomoa kutoka kushoto. Mimi msomi nikamcheka.

Niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, usiku mmoja, nikaijaribu. Ngege mmoja, akatoka. Mbuta mmoja, akatoka. Safi! (Orodha ikiwa na kitu kimoja, wa kwanza na wa mwisho ni yuleyule. Hilo nililigundua baadaye, mbele za watu.)

Jumamosi saa sita mzee mmoja mwenye kofia alifika kabla ya wote, akaagiza ngege wa mchuzi na ugali. Nyuma yake watu wakamiminika. Kumbe oda nilikuwa nimezipanga kama rundo la sahani: inayowekwa mwisho ndiyo inayochukuliwa kwanza. Ile amri ya pop, usipoiambia ichukue wapi, hung'oa kilicho mwisho wa orodha. Rundo lina kazi yake. Unapotangua ulichokosea kwenye kompyuta, unataka kosa la mwisho litangulie kuondoka. Lakini mtu mwenye njaa si kosa la kuandika.

Kila aliyeingia alimkalia mzee kichwani. Mzee alinawa mikono mara tatu, ikakauka mara tatu. Saa nane akaniita.

"Kijana, hawa wote wanaokula kabla yangu, ni wakwe zenu?"

Nikaikimbilia kompyuta, nikatia sifuri kwenye mabano ya pop ili ichukue ya mbele. Tarakimu moja tu! Wajuzi watasema deque, aina ya orodha inayochomolewa mbele kwa wepesi, ingefaa zaidi, maana kwa njia yangu oda zote zinazobaki husogezwa nafasi moja. Waje wamwambie mzee. Mpishi alikuwa tayari anatafuta kamba yake.

Ngege alipoiva nilimpelekea mzee mimi mwenyewe, nikaomba radhi, nikamwahidi soda ya bure. Nikafungua friji, nikachukua ya mbele kabisa.

Mzee akaishika, akanitazama. Ilikuwa moto. Mhudumu alikuwa amezipanga dakika tano zilizopita. Zile baridi za tangu asubuhi zilikuwa nyuma kule, zinangoja zamu yao.