Mboni Bado Kubwa, Mjomba

Picha ya kitambulisho nilipiga mara moja ikatoka, ingawa nimetoka kama mwizi wa kuku. Picha ya harusi ilitoka. Ya kikoba ilitoka. Leo asubuhi sijamaliza hata nusu kikombe cha chai yangu ya rangi isiyo na sukari, simu inaita, sauti ya binti mpole kabisa: "Shikamoo baba. Ile picha ya jicho la kushoto haikutoka vizuri. Tunaomba urudi Alhamisi."

Nirudi! Kana kwamba nimesahau mwavuli.

Wenye sukari wenzangu mnanielewa, sina haja ya kuanzia kwa Adamu. Wasio na sukari kaeni pembeni mle maandazi yenu kimya kimya.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara, mwaka wa 31 huu, kibaraza changu hakiko mbali na soko. Ni mtu mzima, naheshimika, wake za watu wananiamini na vipimo vyao. Sukari ninayo mwaka wa 9 sasa, na kila mwaka lazima nyuma ya jicho ipigwe picha, maana sukari ikipanda inakula vile vimishipa vya ndani kabisa, vinavimba, vinavuja taratibu, na wewe huku unatunga uzi kama kawaida. Hakuumi, hakuwashi. Siku jicho likija kukwambia, mazungumzo yamekwisha zamani. Hilo nimeelezwa na nimekubali. Sigombani na picha. Nagombana na yale matone ya kutanua mboni.

Jumatatu nilifika hospitali saa 12 na nusu asubuhi, nikakuta watu waliofika jana. Ubao wa E uko pale pale: E inatazama juu, E imelala, E imeanguka kifudifudi, na wewe unaonesha kwa vidole vitatu inaelekea wapi. Mzee wa mbele yangu alipatia zote kabla hata muuguzi hajanyoosha fimbo, maana alikuwa amekaa nao ana kwa ana tangu alfajiri.

Kisha matone. Wanakwambia "itawasha kidogo". Kidogo ya hospitali na pilipili kichaa ni mtu na ndugu yake. Dawa inawekwa jichoni, baada ya muda unaionja kooni, chungu kama shubiri, sijui imepitia njia gani. Halafu mnakaa kwenye benchi dakika 20 mkisubiri mboni zitanuke. Watu 14, kimya, macho yamefumbwa, vichwa chini. Kuna bwana alipita akasimama, akavua kofia, akasema, "Poleni sana jamani. Mazishi saa ngapi?"

Kwenye kamera hakuna maneno mengi. Kidevu hapa, paji la uso pale, usipepese, radi inapiga, basi. Yule mtaalamu ni kijana mstaarabu, akanionesha jicho langu la kulia kwenye kioo. Ndugu zangu, nyuma ya jicho ni bibo! Bibo la korosho lililoiva, rangi ya chungwa inayokwenda kwenye wekundu, na vimishipa vimetambaa kama mizizi ya mkorosho. Nikaona kiduara cheupe pembeni, moyo ukapiga cherehani. "Mwanangu, huo ndio ugonjwa?" Akacheka. "Hapana baba, hapo ndipo mshipa mkubwa wa fahamu wa jicho unapoingilia. Kila mtu anacho." Nikajikohoza kama mtu aliyekuwa anajua.

Sasa toka nje.

Mtwara, saa 7 mchana, mabati mapya, kuta za chokaa, mchanga mweupe, na mboni zako ziko wazi kama milango ya ghala siku ya mnada wa korosho. Kila nyumba imekuwa taa. Walishaniambia nije na msindikizaji na nisiendeshe chombo. Chombo nitaendesha kipi, cherehani? Na msindikizaji wa Jumatatu asubuhi mnamtoa wapi, mnawafuga? Nikapanda bajaji, nikashuka, nikatoa noti ya simba nikamlipa kijana, nikasubiri chenji, kijana kaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa bajaji yoyote mjini hapa. Usiku ndiyo nahesabu naona simba yupo mfukoni, aliyeondoka ni tembo. Elfu 10 kwa safari ya elfu moja.

Lakini hilo si kitu. Nimeshuka, napapasa ukuta kuelekea kibarazani, nasikia, "Mjomba!"

Na hapa kwetu hilo ndilo tatizo lenyewe. Kila mtu mjomba. Konda mjomba, polisi mjomba, mwizi akikamatwa anapigwa huku anaitwa mjomba. Nikainua uso. Naona kanzu, ndefu, inang'aa kama malaika. Kichwa sikioni. Kanzu ikakohoa. Mpwa wangu wa Mikindani ni mrefu, anavaa kanzu, ana kikohozi tangu utoto. Nikasema, "Ah, mpwa wangu! Umekuja lini?"

"Nimekuja sasa hivi, mjomba. Kazi zinaendaje?"

Sikuulizwa kingine. Ningejibu "nzuri" ningeenda zangu. Lakini mtu umetoka kwenye benchi la msiba, kinywa kichungu, unakutana na damu yako, unataka kupunguza.

"Kazi zipo, wateja ndio adhabu. Kuna mzee mmoja kaleta kitambaa cha kaunda suti tangu kabla ya Ramadhani. Namwambia kesho, na yeye kesho anakuja! Mtu mzima yule hajui kesho ya fundi ni nini?"

"Enhee."

"Nikamwambia cherehani imekatika mkanda."

"Umekatika?"

"Ukatike wapi! Mkanda mpya ule."

"Na kitambaa umeshakata?"

"Kitambaa analalia paka. Tena paka mwenyewe kazalia pale pale, nitawatoa vipi watoto wadogo wale?"

"Enhee."

Hiyo "enhee" ilikuwa tamu, jamani. Inakusukuma kama upepo wa kusi nyuma ya tanga. Nikaendelea. Nikasema, na mwili wenyewe ule, siku ya kupima nilimzungusha futi nikadhani napima tangi la maji. Nikasema nilitaka kumwita msaidizi ashike upande wa pili.

Kanzu ikanyamaza. Halafu ikasema, taratibu, bila hasira hata kidogo:

"Inchi 44, mjomba. Kiuno changu ni inchi 44. Uliandika mwenyewe kwenye daftari."

Nilitamani matone yale yangekuwa ya masikio.

Angefoka ingekuwa nafuu. Hakufoka. Alinishika mkono. "Twende, mjomba, nikuvushe barabara." Akanivusha kama bibi harusi, anasimamisha bodaboda kwa kiganja, na mimi nimefumba macho kwa ajili ya jua, natiririka machozi. Watu kando ya barabara nawasikia: "Masikini, si fundi yule? Ndiyo sukari hiyo. Ameshapofuka." Mama mmoja akanitia mia 5 mkononi. Nikairudisha kwa heshima zote, akanisonya.

Tukafika kibarazani. Akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe, akamwondoa paka na wanawe mmoja mmoja, akakung'uta kitambaa, akakitandaza mezani, akanipa mkasi.

"Haya. Kata."

"Mjomba, sioni."

"Nitasubiri."

Akavuta kigoda. Akakaa. Saa 8 hiyo. Saa 9 akainuka, akanishika kidevu kama yule kijana wa kamera, akaniinua uso, akachungulia. "Bado kubwa, mjomba." Akakaa. Saa 10 akaja tena. "Bado. Kama vifungo vya koti." Saa 11 akasema zimeanza kurudi, sasa ni kama vifungo vya shati. Wapita njia wakasimama kutaka kujua, akawaeleza, nao wakaja kuchungulia. Kuna mtoto wa shule alitaka apige picha na simu, nikamwambia ajiandikishe kwanza, foleni iliyopo imeishinda hospitali. Watu wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kwa kuwa wamesikia nimepofuka. Wa tatu alikuja na pole, akaondoka na kitambaa.

Magharibi ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi. Mimi nimebaki hapo hapo, ningekimbilia wapi na ukuta siuoni? Tukaanza kukata kwa taa. Uzi alinitungia yeye, mara moja tu, hata hakulamba ncha. Akacheka. "Macho yangu mazima, mjomba."

Nikamuuliza, na umri huo, na inchi 44 hizo, sukari umepima lini?

"Nipime ya nini? Mimi naona vizuri."

Hapo ndugu zangu heshima iliniisha. Nikaweka mkasi chini. Naona vizuri! Aliyenifundisha kazi hii, fundi wa mafundi, mtu aliyekuwa anatengeneza kola unaweza kunyolea ndevu, alisema maneno hayo hayo. Sukari alikuwa nayo, anaijua, kliniki ya macho haendi, kisa anaona vizuri. Asubuhi moja kaingia kibandani kakuta utando wa buibui unaning'inia mbele yake. Kachukua ufagio mrefu, kafagia dari nzima. Utando upo. Kafagia tena, katutukana wanafunzi kwa uchafu, na sisi tunatazamana, dari safi. Ilikuwa damu, ndani ya jicho lake mwenyewe. Sasa anakaa uani kwake, nikimpelekea kazi ananiambia endesha cherehani nisikie, halafu anasema, "Uzi wa chini umelegea." Na kweli umelegea.

Mimi nikikosa macho nitafanya nini, niuze maji? Kwa hiyo naenda. Kila mwaka naenda, na matone nawekewa. Lakini basi mtusaidie kidogo! Ile Jumatatu mama wa watu katoka Tandahimba na gari la usiku, kasafiri na mjukuu wa kumshika mkono, kawekewa matone, zamu yake inafika, umeme unakatika. Mashine imelala. Tumekaa saa nzima gizani, na sisi ndio pekee Mtwara tuliofurahia giza. Umeme ukarudi, foleni imekuwa ndefu, akaambiwa aje wiki ijayo. Wiki ijayo na nauli ya nani? Alikaa pale anajipangusa na kanga, sijui ni dawa au analia, na mjukuu anamuuliza, "Bibi, sasa tunaona nini?" Mtu ukiuliza kamera ziko ngapi, unaambiwa baba kaa, utaitwa.

Haya, nimeitwa. Alhamisi. Jicho la kushoto, wanasema nilipepesa. Radi inapiga, nisipepese!

Kaunda suti ilikwisha juzi, mguu mmoja umezidi mwingine kidogo, nimemwambia ndiyo mitindo. Amesema Alhamisi atanisindikiza mwenyewe. Sijui ni wema au ana kitambaa kingine.

Na ile karatasi ya vyakula waliyonipa mara hii, nimesomewa na mjukuu wangu: ugali kiasi, wali kiasi, mihogo kiasi, viazi kiasi. Kila kitu kiasi, na hakuna aliyeandika kiasi chenyewe ni sahani au kijiko. Nikamwambia atafute ming'oko. Kaisoma mara mbili, ming'oko haimo. Mke wangu anasema ming'oko ni wanga, inahesabiwa na mihogo. Mimi nasema ingekuwa wanga wangeiandika, wao ndio wamesoma. Kitu kinachochimbwa porini na jembe, kikachemshwa, kikaliwa na chumvi na pilipili, kina sukari ya wapi? Mke wangu kaondoka na karatasi, kaenda kumwonesha jirani ambaye binti yake ni muuguzi, kwa hiyo hukumu bado.

Ngoja kwanza, nasikia mtu anapita na sinia. We kijana! Ni ming'oko hiyo? Njoo huku upesi kabla mama hajarudi, na noti usome wewe.