Barafu Ichunguzwe Kama Chakula

Bonge la barafu likiburutwa sakafuni, likatiwa guniani na kupondwa kwa nyundo, hakuna anayeshtuka. Lingekuwa bonge la nyama, tungepiga kelele. Tumezoea kuamini kwamba baridi huua vijidudu, kumbe vingi huvilaza tu. Baadhi hufa maji yanapoganda, ila bakteria kama Salmonella, Shigella na E. coli huweza kubaki hai, na barafu ikiyeyuka vinaamka. Mwaka 1985 watafiti nchini Marekani waligandisha vimelea vya kuhara, kisha wakaiyeyusha barafu hiyo kwenye vinywaji, pombe kali ikiwemo. Vingine vilitoka salama.

Wauzaji wa barafu wanaopinga kupimwa nao wana hoja, tena si nyepesi. Vipimo vingi huonyesha koliformi kwa jumla, yaani kundi kubwa la bakteria ambalo E. coli ni mmoja wao, na wengi wa bakteria hao hawadhuru. Wapo hata udongoni. Asidi ya tumbo huua vingi kabla havijaleta madhara. Halafu mtu akiugua, nani atathibitisha kwamba ni barafu na si saladi aliyokula nayo? Mimi mwenyewe sitaki riziki ya mtu ifungwe kwa karatasi moja ya maabara.

Lakini barafu haipiti motoni. Ikishaingia kwenye glasi, hakuna hatua nyingine ya kuokoa jambo. Shigella zisizofika mia moja zinatosha kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto mchanga au mgonjwa aliyepungukiwa kinga. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka E. coli, ambayo ni dalili ya kinyesi, isionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, na sioni kwa nini maji hayo yakiganda yapewe msamaha.

Tunapokosea, kwa maoni yangu, ni kuukazia macho mtambo wa kutengeneza barafu peke yake. Chanzo cha maji ni muhimu, sikatai: mwaka 1987 huko Pennsylvania, Marekani, mafuriko yaliingia visima vya mtengenezaji wa barafu na virusi vikawafanya watu wengi waugue. Ila maji safi yenye klorini huchafuka pia baadaye, kwenye gunia lililobeba samaki, kwenye utelezi ndani ya mashine isiyosuguliwa, na kwenye kile kijiko kinachoachwa ndani ya ndoo, mpini umezama barafuni. Mkono uliotoka kushika pesa unaushika mpini huo, unachota, unaurudisha palepale. Mkaguzi achukue sampuli kwenye ndoo hiyo, akimwonyesha muuzaji pa kutundika kijiko chake kabla hajafikiria kumfungia.