Mfangano Si Kisiwa cha Kwenda na Kurudi Siku Hiyohiyo

Kila likizo ya Aprili na ya Desemba, magari hutoka Kisumu na Nakuru yamejaa watu wanaokwenda kuliona Ziwa Victoria. Wengi hufika mji wa Mbita, ufukweni, saa tano, wakaingia boti ya Mfangano, wakateremka jua likiwa utosini. Hupiga picha kwenye jabali moja au mawili, wakala samaki, na ikikaribia saa tisa wanaiwahi boti ya kurudi. Nyumbani husimulia kwamba kisiwa ni kizuri lakini joto ni kali, ndege hawaonekani na ziwa lina fujo. Hawasemi uongo. Walikiona katika saa zake mbaya kuliko zote. Kwa maoni yangu, asiye na nafasi ya kulala Mfangano hata usiku mmoja na aahirishe safari mpaka aipate.

Anayepanga saa za kisiwa ni upepo. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hujitengenezea hali ya hewa yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka bara kwenda ziwani. Mchana ardhi hupata moto na upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja bara. Mfangano imekaa mdomoni mwa Ghuba ya Winam, na ubavu wake wa magharibi unalitazama ziwa kuu bila kinga yoyote. Adhuhuri ikipita, upepo wa ziwani huwa umeshapata nguvu, na mawimbi hugonga miamba ya upande huo kwa kishindo. Boti inayorudi Mbita alasiri husukumwa na mawimbi kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, na hapo ndipo abiria hulowa na kutapika. Ngurumo kubwa za ziwani, kwa upande wake, hupenda usiku wa manane kuelekea alfajiri, maana upepo wa bara kutoka kila upande hukutana katikati ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu. Nafasi nzuri ya kuvuka ni kati ya saa moja na saa nne asubuhi, baada ya kukagua mbingu za magharibi. Ukiona ukuta mweusi wa wingu umeshuka hadi kwenye maji, subiri. Na ukitaka ushauri wa kweli, muulize nahodha kwa heshima: “Kapteni, ziwa limeamkaje leo?” Anayelijua ziwa hatakuficha.

Boti yenyewe ikaguliwe kabla hujalipa nauli. Hizi ni boti za mbao zenye mashine nyuma, na hubeba kila kitu: kreti za soda, mabati, magunia ya unga, kuku. Tazama ukingo wake ukiwa umekaa juu ya maji kiasi gani. Ikiwa haubaki hata shubiri mbili kati ya maji na ukingo, mzigo umezidi. Hakikisha kuna makasia na kopo la kutolea maji, kwa sababu mashine huzimika. Mara nyingi kinachoizima ni gugumaji au kipande cha wavu kilichojizungusha kwenye propela, na kukiondoa huchukua dakika kadhaa huku boti ikiyumba bila mwelekeo. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa vifungo vyote boti ikiwa bado ufukweni. Kuna mazoea ya kulikalia kama mto kwa sababu ubao ni mgumu. Mazoea hayo yanaua watu, na nahodha anayeyaruhusu hastahili nauli yako. Kaa katikati au nyuma kidogo, kwani mbele boti hupiga maji kwa nguvu na mgongo huumia. Simu na pesa za noti zitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

Kufika Mbita si kazi kubwa. Kutoka Kisumu kuna njia mbili: ya nchi kavu kupitia Katito, Kendu Bay na Homa Bay, au ya Bondo na Ndori hadi Luanda Kotieno, ambako kivuko huvusha magari na abiria hadi Mbita. Anayetoka Nakuru afadhali alale Homa Bay au Mbita, avuke asubuhi.

Sasa miamba. Wageni wengi hudhani majabali ya Mfangano yako hapo tangu dunia iumbwe, yametulia. La. Kisiwa hiki na jirani yake Rusinga ni masalia ya volkano kuu ya Kisingiri, iliyokuwa hai mamilioni ya miaka iliyopita. Juu kuna tabaka gumu la lava. Chini yake kuna majivu ya volkano na udongo ulioshikana, laini zaidi. Mvua hula tabaka la chini, lile la juu likakosa pa kukalia, likapasuka na kuporomoka vipande vikubwa kama nyumba. Ndiyo maana magenge yake yamesimama wima huku chini yakiwa na rundo la mawe. Usipumzike wala kula chini kabisa ya genge, hasa wiki za mvua kubwa za Machi hadi Mei, na usikanyage ukingo wa juu ambao chini yake umeliwa. Kwenye miteremko hatari ni nyingine: kokoto ndogo juu ya mwamba mgumu, sawa na kukanyaga maharagwe makavu yaliyomwagwa sakafuni. Viatu viwe na soli yenye meno, na unaposhuka pinda magoti na uweke mguu mzima chini, sio kisigino pekee. Fimbo ya mti mgumu inayofika kifuani husaidia kuliko kitu chochote cha kununua.

Ukiona kinachofanana na mfupa ndani ya tabaka za majivu, kiache mahali pake. Ni katika tabaka kama hizo, kule Rusinga, ambapo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, jamaa wa kale wa sokwe, mwaka 1948, na visukuku vyote, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006. Kisukuku kilichong'olewa bila kujua kilitoka tabaka gani hakina tena la kumwambia mtafiti.

Mlima Kwitutu, kilele cha kisiwa, una mita 1,694 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,134 hivi, kwa hiyo utapanda mita 560. Mtu wa kawaida ajipe saa mbili hadi tatu za kupanda na mbili za kushuka, akibeba maji lita tatu. Anza kukiwa na mwanga wa kutosha tu wa kuona njia, saa kumi na mbili na nusu hivi. Tuko karibu kabisa na ikweta. Kufikia saa nne jua linachoma, na kufikia saa sita mwamba mweusi unarudisha joto lote miguuni pako. Miti ya kivuli imepungua kwa ajili ya kuni na makaa, isipokuwa mabaki ya msitu huko juu. Vaa suruali ndefu, maana nyasi zina miiba inayong'ang'ania, na gonga chini kwa fimbo penye majani marefu. Nyoka aitwaye kifutu hakimbii, hulala hapohapo mpaka akanyagwe.

Hata hivyo, kama una asubuhi moja tu, mimi singeipeleka kileleni. Ningeitumia kwenye kingo za ziwa.

Alfajiri, kabla upepo haujageuka, maji chini ya miamba hutulia kama mafuta na kila sauti husikika. Furukombe, tai mla samaki, ndiye wa kwanza. Hukaa juu ya mkuyu au ncha ya jabali, kichwa na kifua cheupe pepepe, akatupa kichwa nyuma na kupiga ule ukelele unaojibiwa na mwenzake ng'ambo ya ghuba ndogo. Mtazame mapema, kwa sababu huwinda asubuhi na sehemu kubwa ya siku hukaa tu. Karibu zaidi, mdiria mweusi na mweupe husimama hewani juu ya maji, mdomo umeelekea chini, mabawa yakipiga haraka hadi yanakuwa kama ukungu. Kichwa chake hakitikisiki hata kidogo. Ghafla huanguka wima, hutoka na samaki, hurudi kwenye tawi na kumpigapiga samaki huyo kulia na kushoto mpaka atulie, kisha humgeuza ammeze kichwa kwanza ili mapezi yasimkwame kooni. Kaa chini hatua ishirini kutoka tawi analolipenda, usivae nguo nyeupe, naye atarudi palepale. Minandi hukausha mabawa kwenye mawe yaliyopakwa kinyesi chao. Jua likipata nguvu, mjusi kafiri dume mwenye kichwa chekundu hupanda jiwe na kuanza kupiga pushapu, na kenge naye hutoka kuota jua.

Kiboko ni habari tofauti. Hutoka majini usiku kula nyasi na kurudi kabla ya mapambazuko, kwa njia yake ileile. Njia hiyo utaitambua: handaki ndani ya matete, sakafu yake tope lililokandamizwa, yenye nyayo za vidole vinne vinne. Usisimame humo kamwe, wala usiwe kati ya kiboko na maji. Kwa hiyo matembezi ya alfajiri yaanze juu kwenye njia ya watu, na kushuka ukingoni kungoje mwanga kamili.

Michoro ya mapangoni inahitaji neno kali kidogo. Kule Mawanga na Kwitone kuna miduara ndani ya miduara, mingine yenye miale kama jua, imechorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe. Inadhaniwa ni kazi ya Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya Abasuba, wenyeji wa sasa wa kisiwa, na Abasuba waliirithi wakayaheshimu mapango hayo kama mahali pa kuombea mvua. Rangi hiyo imekaa juu ya jiwe tu. Kuna wageni wanaoimwagia maji ili iwake kwenye picha. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya mchoro na kuufifisha. Wengine huandika majina kwa mkaa pembeni. Jasho la kiganja nalo hudhuru. Tazama bila kugusa, piga picha bila mwangaza wa simu, nenda na mwenyeji wa eneo hilo na umlipe. Anza kwenye makumbusho ya amani ya Abasuba hapo kisiwani. Watakupa mtu anayeijua njia na anayejua ni nani wa kuombwa ruhusa.

Na usiku, sasa. Chagua siku za giza la mwezi. Wavuvi wa omena (dagaa) hutoka na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, kwa kuwa omena hufuata mwanga. Mwezi mpevu ukitoka taa hazina kazi, na wengi hupumzika. Katika giza, ukiwa juu ya mwamba, utaona ziwa lote limejaa nuru kama mji uliojengwa juu ya maji. Asubuhi omena hao huanikwa kwenye nyavu chini. Pita pembeni, wasalimu akina mama kwanza, “Oyawore,” halafu ndipo uulize kuhusu picha.

Kuogelea sikushauri. Penye matete na maji yaliyotulia kuna konokono wa kichocho, na vimelea vyake hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Mamba nao wapo. Aliyeingia majini apimwe baada ya wiki sita hadi nane, hata asipohisi kitu, maana dawa ipo na inatibu. Malaria ya ukanda huu ni nyingi, kwa hiyo chandarua ni lazima na dawa ya kinga uiulizie hospitalini kabla ya safari.

Boti ya kurudi uiulizie jioni ya kuamkia, na uchukue ile ya kwanza. Ukishakaa, geuza uso nyuma. Jua linalochomoza upande wa Rusinga hupiga magenge ya mashariki moja kwa moja, na kwa robo saa hivi kila ufa, kila tabaka la majivu na kila tundu la ndege huonekana wazi.