Kifaru Juu ya Kifaru

Kazi niliyoijua tangu ujana wangu Mombasa ni kuandika, na sisemi kuandika barua wala vitabu, bali majina ya majahazi, misemo ya nyuma ya matatu na bei za mbele ya maduka. Nilipomfuata dada yangu Dorset, kusini mwa Uingereza, nilikwenda na brashi zangu zile zile, nikawa ninaandika vibao vya mikahawa na magari ya wauza samaki, mpaka siku mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliponisimamisha sokoni akaniuliza iwapo ninaweza kuandika juu ya kifaru.

Nilidhani ananitania. Alinipeleka hadi kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yake, akavuta turubai, na mbele yangu kikawa kimesimama kifaru cha vita aina ya Sherman, chuma cha tani 30 hivi, kilichopakwa rangi ya mchanga toka juu hadi chini lakini hakina hata herufi moja. Dorset ndiko yaliko makumbusho ya vifaru ya Bovington, kwa hiyo mtu wa huko kuwa na kifaru bandani si ajabu kubwa kama ingekuwa Kongowea. Hata hivyo nilikizunguka mara mbili kabla ya kuamini. Mzee alitaka kifaru chake kifanane na kile cha kikosi cha 9th Lancers, wapiganaji wa Brigedi ya 2 ya Vifaru chini ya Divisheni ya 1 ya Vifaru, kama kilivyokuwa tarehe 23 Oktoba 1942, vita vya El Alamein, huko jangwani Misri, vilipoanza. Siku aliyoniambia hayo ilikuwa Alhamisi jioni, na maonyesho aliyotaka kukipeleka yalikuwa Jumamosi asubuhi.

Alinikalisha juu ya sanduku, akanipa chai ya rangi isiyo na sukari, akaanza kunisomesha. Jeshi la Uingereza halikutaka adui asome jina la kikosi ubavuni mwa kifaru, lakini lilitaka rafiki akitambue kwa mbali na katikati ya vumbi, ndiyo maana likatumia maumbo na rangi. Makao makuu ya rejimenti, yaani ya kikosi kizima kama hicho cha 9th Lancers, yalikuwa na umbo la almasi, na katika skwadroni zake, yaani vikosi vidogo vya ndani yake, A ilikuwa na pembetatu, B mraba, na C duara. Nilimwambia kwamba hilo nitalikumbuka bila kuandika, kwa kuwa ni kashata, sambusa, kipande cha boflo na chapati. Rangi nazo zilifuata ukubwa wa rejimenti ndani ya brigedi, mithili ya nyumba ya wake wengi: yule bi mkubwa alipewa nyekundu, wa pili manjano, wa tatu buluu. Katika brigedi ile bi mkubwa alikuwa Queen's Bays, iliyoundwa mwaka 1685, wa pili 9th Lancers, na wa tatu 10th Hussars. Kwa kanuni hiyo mzee, aliyechagua skwadroni C, alistahili chapati ya manjano, na chapati ya manjano juu ya rangi ya mchanga, nakuhakikishieni, haionekani hata ukiwa umeiegemea. Nilimshauri aongeze wino mweusi pembeni. Alinitazama kama niliyemshauri aongeze bawa.

Kisha palikuwa na namba ya usajili, ambayo kila gari la jeshi lilikuwa nayo na ambayo herufi yake ya kwanza ilisema gari lenyewe ni la aina gani: T kwa vifaru, L kwa malori, C kwa pikipiki, F kwa magari ya deraya. Hilo halikunisumbua, kwa kuwa nimeandika namba za matatu nyingi kuliko siku nilizoishi.

Hapo mimi nami nikajitia ujuzi. Nilimwambia kwamba chombo chochote kinachokwenda mbele kinahitaji macho, ndiyo maana watu wa Lamu huyapachika kwenye omo za majahazi, na nikajitolea kukichorea kifaru chake macho mawili bila malipo. Nilitarajia acheke. Badala yake alinijibu kwa uzito kabisa kwamba vifaru vyenye macho vilikuwapo kweli, kwani tajiri mmoja Mchina wa Malaya, Eu Tong Sen, alilipia kifaru katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikachorwa macho, na desturi hiyo ikarithiwa na rejimenti ya 4 ya Royal Tank Regiment. Lakini huyu wake ni mtu wa 9th Lancers, na kumpa macho ya watu wengine ni kumdhulumu. Niliufunga mdomo wangu, kwa muda.

Mwisho ikaja alama ya divisheni yenyewe, inayokaa mbele na nyuma: mnyama kifaru mweupe anayeshambulia, ndani ya umbo la yai jeusi. Nilishindwa kujizuia. Nikamweleza kwamba kifaru huyo ni wetu, kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa King's African Rifles, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, ilivaa alama ya kifaru. Mzee akanywa chai yake taratibu, akasema kwamba ya babu yangu ilikuwa kichwa tu, na hii yake ni mnyama mzima.

Ijumaa nilikwenda na mpwa wangu, kijana wa miaka 19, mwenye mkono mwepesi wa kuchora kuliko wangu na Kiswahili safi kuliko changu, kwa sababu mama yake alikuwa mwalimu wa somo hilo na amemlea kwa viboko vya ngeli. Mimi nilipanda juu kuandika duara kwenye mnara wa mzinga, ambako kuna nafasi ya kuweka goti moja tu, na jingine linabaki hewani kama la korongo. Nikiwa katika hali hiyo, brashi moja mkononi na nyingine mdomoni, nilimsikia akiuliza kutoka chini kwamba hapa mbele kwenye lile yai jeusi achore nini. Nikamjibu kwa meno:

"Chora kifaru cheupe!"

Tulifanya kazi kimya hadi jua likazama. Nilimaliza duara zote mbili, nikaandika namba ubavuni, nikazunguka nyuma nikamchora kifaru wangu mwenyewe, ambaye pembe yake iliniridhisha sana, ndipo nikaja mbele kukagua kazi ya kijana. Ndani ya yai jeusi, kwa unadhifu ambao sijauona hata kwenye noti za benki, palikuwa na kifaru cheupe: mnara, mzinga, mnyororo, na magurudumu sita ya ubavuni, yamehesabiwa moja moja kutoka kwenye Sherman iliyokuwa mbele yake. Kifaru kilikuwa kimechorwa kifaru.

"Mnyama yuko wapi?" nikauliza.

"Mnyama gani, mjomba?"

"Kifaru!"

"Mjomba, ulisema cheupe. Angekuwa mnyama ungesema mweupe."

Nilifungua kinywa nimkemee, nikakosa neno, kwa kuwa alikuwa na haki hadi kwenye silabi ya mwisho. Dada yangu alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

Dawa ilikuwa kulipaka yai lote jeusi upya na kuanza mwanzo, lakini kopo la rangi nyeusi lilikuwa limebaki na kiasi cha kijiko cha chai, na maduka yalikuwa yamefungwa. Basi tukaamua kukigeuza kile chombo kiwe mnyama. Mzinga nilioukunja juu kidogo ukakubali kuwa pembe, na mnara, baada ya kupewa sikio, ukakubali kuwa mabega. Mnyororo ndio uliokataa. Nilitumia kile kijiko cha rangi kufuta magurudumu mawili ya katikati, yakabaki manne yawe miguu, ila rangi nyeupe ilikuwa haijakauka, nayo nyeusi ilipopita juu yake ikatoa kijivu, hata tumbo la mnyama likaonekana lina madoa mawili ya duara, kana kwamba amemeza sahani. Miguu niliirefusha kadiri nilivyoweza. Chini ilibaki mviringo. Usiku huo, kwa mwanga wa taa ya mkono, tulikubaliana kwamba anafaa.

Jumamosi, kwa mwanga wa jua, hakufaa. Mzee, ambaye macho yake si ya ujana, alimpita mara tatu akiwa na furaha zake, nami nikaanza kupumua, mpaka akaja bwana mmoja mwenye daftari na kioo cha kukuzia. Huyo alikagua duara, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakagua namba, akaandika. Akaenda nyuma, akamsifu kifaru. Akaja mbele, akainama, kisha akapiga goti, kisha akalala kifudifudi kwenye nyasi, na alipoinuka alimuuliza mzee kwa adabu kubwa kwa nini mnyama huyu anakwenda kwa magurudumu.

Mzee naye akainama. Alitazama kwa muda ambao ungetosha kuchemsha maharage. Kisha akaniangalia mimi, akamwangalia kijana, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kupendezwa sana na mawingu, akamgeukia yule bwana na kumwambia kwamba alama hizi zilikuwa zikichorwa kwa mkono na kila mchoraji alikuwa na mtindo wake, na hii imechorwa na fundi kutoka Afrika Mashariki, ambako watu wanawajua vifaru kwa karibu.

Yule bwana akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, akayapigia mstari.

Nilimshukuru mzee kwa kutufichia aibu, naye akaniambia nilete ankara yangu Jumatatu. Mimi huweka hesabu zangu kwa Kiswahili: duara 2, namba 2, vifaru 2. Nilimpa mpwa wangu aipige kwa Kiingereza kwenye kompyuta, na kwa kuwa tarakimu haina ngeli, hakuwa na njia ya kujua kama ni viwili au ni wawili, naye hakuuliza, nami sikusoma. Mzee alivaa miwani akasoma mlangoni, akasoma tena, akatazama bandani kwake ambako kilisimama kifaru kimoja tu kilichopakwa rangi, kisha akachukua tochi, akazunguka nyuma ya banda kwenda kukitafuta cha pili.