FOSDEM: chagua chumba, achana na nyota

Januari ikikaribia kwisha, watu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, hufungua ratiba ya mkutano wa FOSDEM na kuanza kuzigawia nyota mada wanazotaka kuzisikiliza. Mada hii nyota, ile nyota, na ile ya saa tano kasoro robo nayo nyota, hata kama imegongana na nyingine mbili. Ijumaa usiku aplikesheni ya simu inang'aa yote. Jumamosi saa nne na nusu asubuhi, mpango wote umeshavurugika, na mwenye nyota zake amesimama koridoni akitafuta chumba ambacho tayari kimefungwa.

Mimi nasema kupanga mada moja moja kwenye mkutano ule ni kujichosha bure. Panga chumba. Ingia asubuhi, tafuta kiti kizuri, kaa.

Kwa asiyeufahamu, FOSDEM ni mkutano wa waandika programu huria unaofanyika Brussels, Ubelgiji, Jumamosi na Jumapili za mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, kwenye kampasi ya Solbosch ya Université libre de Bruxelles. Ulianza mwaka 2000 ukiitwa OSDEM, na ile F ya mbele ikaongezwa baadaye. Hakuna kiingilio, hakuna kujiandikisha, hakuna kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Unashuka kwenye basi namba 71, unafuata watu wenye mabegi yaliyojaa stika, umefika. Kwa siku mbili hizo hutolewa mamia ya mada, zikienda sambamba kwenye vyumba makumi. Vyumba vingi vina wenyewe: watu wa databesi ya PostgreSQL wana chao, wa lugha ya programu ya Python chao, wa lugha ya Go chao, watu wa sheria na sera chao, hata wapenzi wa kompyuta za zamani wana chao. Kila jamii inatangaza mwito wake wa mada, inachagua wazungumzaji wake na kusimamia mlango wake.

Hapo kwenye mlango ndipo nyota zinapofia. Ukumbi mkubwa, Janson, una viti takriban 1,400, na huko ni nadra mtu kukosa pa kukaa. Lakini vyumba vingi vya jamii ni madarasa ya kawaida ya chuo, na vingine havifiki viti mia. Kikijaa, mtu wa kujitolea anabandika karatasi mlangoni na kusimama mbele yake. Hakuna kuegemea ukuta, hakuna kukaa kwenye ngazi. Ni masharti ya usalama wa moto, na hawana mzaha nayo. Mmoja akitoka ndipo mmoja anaingia. Kwa hiyo anayetoka chumba cha kwanza kuikimbilia nyota ya pili anakuwa amekitoa kiti alichonacho ili akapange foleni ya kiti ambacho hatakipata.

Mwaka huu kijana mmoja tuliyewahi kufanya kazi pamoja Dar aliniandikia WhatsApp kabla ya safari yake ya kwanza. "Dada, nimepanga Jumamosi yote. Nimeacha dakika tano tano za kuhama chumba."

"Mdogo wangu," nikamjibu, "hizo dakika tano zote zitaishia jengo la K."

Jengo la K ndilo lenye meza za miradi: hawa wanagawa stika, wale wanauza fulana, wengine wanakuonyesha simu inayoendeshwa na mfumo ambao hujawahi kuusikia. Mchana korido yake ni daladala la Mbagala jioni, hutembei bali unabebwa na watu. Na ukishavuka hapo bado kuna mwendo wa nje kwenye baridi ya Februari mpaka majengo ya U au AW. Mada nyingi za vyumba vya jamii ni za dakika ishirini au ishirini na tano, maswali yakiwemo. Ukichelewa kumi, umeikosa nusu nzima, tena ile nusu iliyoeleza tatizo lenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wenye nyota hulisahau. Karibu kila chumba kinarekodiwa, na kinarushwa moja kwa moja mtandaoni bila malipo. Wale watu wa kujitolea wamejitengenezea hadi visanduku vya kurekodia. Baada ya siku kadhaa video zimeshapanda. Mada ya jina kubwa pale Janson, ile iliyopata nyota za watu elfu moja, ndiyo rahisi kuliko zote kuiona nyumbani ukiwa umevaa kanga na chai iko pembeni. Sielewi mtu anayesafiri nchi mbili au tatu ili akae safu ya thelathini na kumtazama mzungumzaji kwenye skrini. (Yuko mmoja ninayemtoa kwenye kanuni hii. Daniel Stenberg, anayeitunza curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, tangu miaka ya tisini, akizungumza mimi huenda, kwa sababu namna anavyochekesha wenye kazi ileile ya kupokea ripoti za hitilafu za ovyo inanoga zaidi mkiwa wengi.)

Kwa hiyo ninapopanga, swali langu ni moja: kitu gani pale hakitaingia kwenye video? Kazi yangu ni databesi, kwa hiyo jibu langu mara nyingi ni chumba cha PostgreSQL. Ukikaa pale tangu asubuhi, kufikia mchana umeshazijua sura. Aliyezungumza saa nne amekaa nyuma yako saa tano. Anayecheka peke yake kila likitajwa neno vacuum, yaani kufagia mistari iliyokufa ya jedwali, ndiye aliyeandika sehemu ya ile programu.

Nilikuwa na jedwali lililokuwa likinisumbua, la salio za mawakala wa fedha za simu. Mistari yake ilikuwa inabadilishwa kila mara, na kadiri lilivyokua ndivyo maulizo yalivyozidi kuwa mazito. Kwenye mapumziko nikamweleza jirani yangu, mzee wa Kijerumani aliyevaa sweta lililopauka. Hakuuliza kompyuta ina kumbukumbu kiasi gani wala tuko kwenye wingu la nani. Aliuliza, "Mistari mingapi?" Nikamwambia inakaribia milioni mia tano. Akachukua kalamu na kuandika nyuma ya karatasi ya ratiba: 0.2.

Hiyo ndiyo thamani ya kawaida ya kipimo kinachoiamuru PostgreSQL ni lini ifagie mistari iliyokufa, yaani nakala za zamani zinazobaki mstari ukibadilishwa au kufutwa: zikifika asilimia ishirini ya jedwali. Kwa jedwali la mistari elfu kumi, ni sawa kabisa. Kwa milioni mia tano, maana yake mfagiaji hasogei mpaka mistari iliyokufa ifike milioni mia moja. Akaifuta ile 0.2, akaandika 0.01, na chini yake amri ya kuibadilisha kwa jedwali lile moja tu bila kugusa mengine. Kisha akarudi kwenye mkate wake. Jambo hilo limo kwenye nyaraka rasmi, nami nyaraka nilikuwa nimezisoma. Ila nyaraka hazikuulizi mistari ni mingapi.

Mazungumzo ya namna hiyo hayawekewi nyota. Yanakuja kwa kukaa sehemu moja muda wa kutosha mpaka mtu aone si aibu kukuazima chaja.

Watu wa PostgreSQL wenyewe wamelielewa hilo, ndiyo maana wana siku yao ya pembeni, Ijumaa, kabla ya mkutano mkubwa. Mikutano mingine midogo hufanyika siku zinazotangulia na zinazofuata, hadi mji wa Ghent. Mwenye nafasi ya kuongeza siku moja Brussels aiongeze upande wa Ijumaa. Ile jioni ya bia ya Ijumaa sina la kuisemea. Mimi si mnywaji na makelele yale siyawezi.

Sasa, kukaa chumba kimoja mwanzo hadi mwisho nako kuna ubaya wake: unaweza kurudi unajua zaidi yale uliyokuwa unayajua. Kwa hiyo natenga nusu siku kwa chumba ambacho sina kazi nacho. Siku hizi kwangu ni cha sheria na sera, na naona waandika programu wa Afrika Mashariki tunakipuuza kwa hasara yetu.

Mwaka 2023 maofisa wa Tume ya Ulaya walikuja FOSDEM kueleza rasimu ya sheria iitwayo Cyber Resilience Act, inayotaka bidhaa nyingi zenye programu ndani yake zinazouzwa Umoja wa Ulaya zitimize masharti ya usalama. Waliokuwa wakisikiliza ni watu wanaotunza programu kwa kujitolea, usiku, baada ya kulaza watoto, na sasa wanaambiwa huenda wakahesabiwa kuwa watengenezaji wenye wajibu kisheria. Maswali yalikuwa makali, na haki yao. Sheria ilipopitishwa mwaka 2024 ilikuwa na kundi jipya la wasimamizi wa programu huria, lenye wajibu mwepesi kuliko ule wa kampuni zinazouza. Ilipata nguvu ya kisheria Desemba 10, 2024, ila masharti yake yanaanza kwa awamu. Masharti ya kuripoti udhaifu unaotumiwa na wadukuzi yamepangiwa Septemba 2026, na wajibu mwingine mwingi Desemba 2027. Faini ya juu kabisa ni euro milioni 15 au asilimia 2.5 ya mapato ya dunia nzima, kipi kikubwa.

Kampuni ya Dar au Nairobi inayomuuzia programu mteja wa Ujerumani haijitoi kwenye hesabu hiyo kwa sababu ofisi yake iko Mikocheni. Ni mambo ya mkate wetu, na wanaoyajadili wako chumba cha pili, viti vitupu vikiwemo, wakati sisi tumebanana kwenye mlango wa mada ya lugha mpya ya programu.

Chakula, basi. Magari ya chipsi yamo uani, foleni zake ndefu. Lakini kampasi ile iko Ixelles, na Ixelles hiyohiyo ina Matonge, mtaa wa Wakongo uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Basi lile 71 linapita karibu. Jumamosi jioni nenda huko ukale samaki na sombe. Utasikia zaidi Kilingala, lakini Kiswahili cha Goma na Bukavu hakikosekani. Na ukikwama kwenye waifai ya mkutano, kumbuka mtandao wenye jina la FOSDEM peke yake umewekewa IPv6 tupu, yaani mfumo mpya wa anwani za mtandao, kwa makusudi. Laptopu yako haijaharibika. Tafuta ule mwingine wa kizamani.

Kijana wangu alikuwa na hoja moja nzito: "Bosi anataka ripoti ya kila mada niliyohudhuria." Nikamwambia ripoti aiandikie kwenye treni wiki inayofuata, kwa video. Bosi anataka kurasa, video zinatoa kurasa. Hakupenda jibu hilo, ila naona alilitumia.

Kwa walio nyumbani nageuza ushauri wote. Wewe wa Mbeya au Kisumu, ambaye hukusafiri, weka nyota zako bila woga. Brussels mwezi wa pili iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo mkutano unaoanza kule saa tatu na nusu asubuhi, kwako ni saa tano na nusu. Mtandaoni hakuna mlango unaofungwa, na ukiichoka mada unahama bila kukanyaga miguu ya mtu. Kikwazo ni bando tu, na hilo si dogo.

Mikutano ya kwetu nayo ina hesabu yake. DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, na Arusha Agosti 2025. Mkutano wa ukubwa ule hauhitaji kupanga mada hata kidogo; hudhuria zinazokuja. Cha kupanga ni tiketi ya kurudi. Wengi huondoka mada zikiisha na kuziacha siku za mwisho, zile za kukaa meza moja na kuandika programu pamoja. Django huweka alama ya kazi nyepesi kwenye baadhi ya tiketi zake za hitilafu kwa ajili ya wageni. Kuimaliza moja huku aliyewahi kupokea mamia ya marekebisho amekaa kiti cha pili ni kitu ambacho huwezi kukipata kwa barua pepe.

Na anayetaka kwenda Brussels kutoka Dar, Kampala au Bujumbura, kwa maoni yangu aende kama mzungumzaji. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hazirudi ukinyimwa, kwa hiyo uwe na sababu nzuri ya kuandika kwenye fomu. Miito ya vyumba hutoka zaidi Oktoba na Novemba, na mingi hufungwa mapema Desemba. Maombi ya viza yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, ilhali mkutano unakuwa umebakiza wiki chache tu ukishapata jibu la mada yako. Miadi ya ubalozi itafute Oktoba hiyohiyo unapoandika muhtasari.