Tulioketi nyuma ya mwenye daftari

Wiki moja kabla ya mitihani, pita kwenye steshenari za Malimbe, mtaa wa wanachuo jijini Mwanza. Foleni inafika nje, na kinachotolewa kopi si slaidi za mhadhiri. Ni kaunta buku la dada mmoja, kona zimepinda, limeandikwa kwa mkono tangu kipindi cha kwanza. Na wengi wanaolipia kurasa hizo wana laptopu mgongoni!

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Mueller na Oppenheimer, walichapisha matokeo yaliyosambaa sana: wanafunzi waliochapa mhadhara kwenye laptopu walinasa maneno mengi zaidi, lakini kwenye maswali ya kuelewa wakapitwa na walioandika kwa kalamu. Wengine waliporudia jaribio hilo, 2019 na 2021, hawakuona tofauti ya kutegemea. Kwa hiyo sidai kalamu ina uchawi. Nadai tu kwamba mkono wangu ni mzito. Mhadhiri akimwaga sentensi tano, mimi nanasa moja, na lazima niamue ni ipi. Kwangu, kule kuamua ndiko kusoma kwenyewe. Anayechapa haraka haamui kitu, anabeba zote kama alivyozisikia.

Hata hivyo daftari nalo lina balaa zake. Langu la mwaka wa pili lililowa mvua nikitoka Nyegezi, muhula mzima ukawa madoa ya bluu. Mwenye laptopu haijui shida hiyo. Yake ni kuhangaikia soketi umeme ukirudi.

Ila ugomvi wangu hauko kwa hao wawili, maana wote wameandika. Uko kwa sisi wa simu. Unanyoosha mkono, unapiga picha ubao, unajiambia utaandika ukifika geto. Huandiki. Picha ya mizania inakaa katikati ya picha za Jiwe la Bismarck na sahani ya sato, hadi simu inajaa. Nilipozihesabu usiku wa kuamkia mtihani zilizidi mia mbili, na nyingi sikujua ni za somo gani.

Asubuhi nikamfuata yule dada.

“Dada, naomba daftari nikatoe kopi.”

“Kwani kaka hukuwepo darasani?”

Nilikuwepo. Muhula mzima nimekaa kiti cha nyuma yake.