Mara ya Tatu Ndo Inawaka

Jamani mi nna kompyuta ya mezani ina miaka 13, na kabla hujacheka jua kwamba hii mashine ina heshima yake humu ndani, ina namna yake ya kuamshwa. Unabonyeza kitufe, feni inazunguka kidogo, inakata. Unabonyeza tena, feni inazunguka kidogo zaidi, inakata. Mara ya tatu inawaka. Kila mtu nyumbani anajua, mpaka huyu wa darasa la pili, na mgeni akitaka kuiwasha tunamsimamia kabisa asije akakata tamaa kwenye ya pili. Mi nilikuwa nasema mashine inapasha misuli. Hata mimi asubuhi siamki kwa kuitwa mara moja, sembuse hiyo.

Tukaishi hivyo miaka miwili bila ugomvi.

Balaa lilianza ilipoanza kukata katikati ya kazi. Sio kuganda, kuganda tumekuzoea, hii inakata pap! giza, alafu inajiwasha yenyewe na kukuangalia kama haijui chochote. Na inajua wakati wa kukata bana. Ukikaa tu unaangalia picha za zamani inatulia siku nzima, sasa wewe andika kurasa nne usiseivu, alafu fungua na kavideo kadogo pembeni uone.

Nikakosea, nikauliza watu. Shemeji yangu akasema virusi. Jirani akasema virusi. Siku moja nikawaambia imegoma kuwaka kabisa, haina hata taa, feni kimya, na shemeji bado akasema hivyo ni virusi, tena vikali. Shemeji, virusi ni programu, programu inataka umeme ndo itembee, sasa hapa hakuna hata taa vinatembea na nini, vimebeba tochi? Akaniambia mi mbishi.

Basi nikajifanya fundi. Na niseme ukweli, sikuanza na sehemu yenye dalili, nilianza na pale bisibisi yangu ilipofika kwanza.

Kilichofika kwanza kilikuwa kabetri ka duara, kale ka volti 3 kanakoitwa CR2032 kanakotunza saa na mipangilio. Kalishakufa zamani, nilijua, maana ukichomoa waya ukutani na kurudisha mashine inaamka inasema leo ni tarehe 1 Januari 2009, alafu kila tovuti inagoma kufunguka, eti cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika. Mashine inaishi 2009, haidaiwi na mtu, haijui kinachokuja, wakati mwingine nilikuwa naionea wivu. Nikaweka kapya, saa ikakaa sawa. Ikakata saa kumi na dakika ishirini kamili, safari hii angalau muda wa kifo unajulikana.

Nikasema joto. Nikafungua ubavu wa sipiyu, yaani lile boksi zima, najua wajuzi mtanirekebisha kwamba sipiyu ni kale kachipu tu, nawaomba mkae chini. Humo ndani vumbi halikuwa vumbi tena, lilikuwa blanketi. Ile pesti inayokaa kati ya prosesa, yaani kale kachipu kenyewe, na chuma cha kupoozea ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukuta. Nikafuta, nikapaka mpya tone moja tu katikati, nikapuliza feni mpaka nikapiga chafya mara saba. Joto la prosesa wakati wa kazi nzito likashuka kutoka nyuzi 94 hadi 61. Nikajiona daktari bingwa. Nikamwita mama watoto aje aone hiyo 61, akaja, akaangalia, ikakata mbele yake. Akasema "kweli imepoa" akarudi zake.

Ramu nayo, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Nikaichomoa, nikasugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya penseli ya mtoto, nikairudisha, nikawasha, ikaanza kulia bipu, bipu, bipu. Nikakimbilia simu kutafuta bipu tatu maana yake nini, kumbe kila bayosi, ile programu ya kuamshia mashine, ina lugha yake ya bipu na mi sijui hii yangu ni kabila gani, nusu saa nahangaika na tafsiri kumbe ramu sijaikandamiza mpaka vile vishikio vikalia ka! Nikaikandamiza. Alafu nikaiwekea programu ya kuipima usiku kucha. Asubuhi majibu: makosa 0. Nikanuna. Hadi diski nayo nikaipima, imefanya kazi masaa elfu 41 na sekta mbovu hakuna hata moja. Mgonjwa anazimia kila siku na vipimo vyote visafi, unaweza ukadhani unasingizia.

Nikampelekea fundi wa kweli. Kule ikakaa siku mbili haijakata hata mara moja, inawaka tu na kupendeza, fundi ananiangalia kama mimi ndo virusi vyenyewe. Kumbe alivyoiwasha siku ya kwanza ikamsumbua sumbua kuwaka, akaogopa kuizima, akaiacha hivyo hivyo siku zote mbili, tena haina kazi yoyote inafanya. Hilo aliniambia wakati nambebesha mtoto monita tunaondoka, kama kitu cha kupitisha tu.

Nikarudi nyumbani na lile neno kichwani. Kuwaka.

Nikachukua mita ya umeme, nikaweka ncha moja kwenye waya mweusi na nyingine kwenye wa njano, ule unaotakiwa kutoa volti 12. Sheria yake ni asilimia 5 juu au chini, yaani isipungue 11.4. Mashine imekaa tu: 11.8. Haya, nikafungua video, nikafungua na mafaili makubwa, nikaipa kazi zote za dunia, macho kwenye mita: 11.5, 11.3, 11.0, pap.

Pawasaplai! Muda wote huo pawasaplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme. Humo ndani kuna kapasita, vile vipipa vidogo vyenye majimaji, na miaka na joto vinayakausha taratibu, na vikiwa vya baridi ndo vinakuwa hovyo zaidi mpaka vipate moto kidogo. Kwa hiyo kile nilichokuwa naita kupasha misuli, kile nilichokuwa nawafundisha wageni kwa majivuno, ilikuwa mashine inalia miaka miwili inasema naumwa, na mi namsifia tabia. (Msiifungue hiyo pawasaplai nyie, inabaki na chaji hata ukiichomoa, badilisheni nzima nzima.)

Nikafunga mpya. Nikabonyeza mara moja tu, ikawaka. Nikaizima, nikaiacha ipoe mpaka kesho yake, nikabonyeza mara moja, ikawaka. Nikafungua kila kitu, volti 12.1, imetulia. Nikaita familia nzima sebuleni, nikamwambia huyu wa darasa la pili njoo mwanangu uiwashe wewe, tuone maajabu.

Mtoto akaja na mazoea yake. Akabonyeza, feni ikazunguka, kabla sijasema kitu akabonyeza tena, ikazima, akabonyeza ya tatu, ikawaka.

Akanigeukia. "Baba, si iko vile vile tu?"

Shemeji yuko pale kwenye kochi anatingisha kichwa. Najua anachotaka kusema.